Bilauri ya Bibi Yako Ilikuwa Imejaa

Mwanangu Monika,

Natumaini unaifungua barua hii ukiwa umeshafika Mtwara, umeshaoga vumbi la njiani na umetia kitu tumboni. Nimeiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya mashuka, kwa sababu sitaki uisome mbele yangu. Ninaandika jua bado lipo. Baba yako yuko uani anafunga mzigo wako kwa kamba ya katani. Anaufunga, haridhiki, anaufungua, anaufunga tena. Kila akiona sitoki kumsaidia, anakohoa. Mwache akohoe.

Mambo ya kupika na kufua, na namna ya kumwamkia mama mkwe, sitayaandika. Uliyaona hapa nyumbani, na usiyoyaona utafundishwa na majirani, utake usitake.

Lakini leo mchana tulipokuwa tunakunja kanga uliniuliza jambo. Ulisema mumeo amekupasha habari kwamba nyumba aliyopewa kule bandarini ina zulia, tena zulia zuri, na kwamba wenzake wa ofisini hupenda kuja Jumamosi kunywa na kuzungumza. Ukaniuliza, "Mama, sharubati nyekundu ikimwagika kwenye zulia inatolewaje?" Mimi nikainuka, nikaenda kufunua sufuria ambayo haikuwa na kitu. Ulidhani sijui. Najua, mwanangu, tena najua kuliko ninavyopenda. Hata sasa nikiliandika neno lenyewe, zulia, pua yangu inakunjamana.

Tulikuwa Newala wakati ule. Wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa ukichoka na kukimbizwa ukipumzika, kwa hiyo huwezi kukumbuka. Baba yako alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, kijana, mwenye mwandiko kama wa chapa, na alitaka sana kuwa mwalimu mkuu. Simlaumu kwa kutaka. Nami nilitaka.

Kulikuwa na Mzungu mmoja wa kazi za barabara, akikaa karibu na boma. Alipohamishwa aligawa vitu alivyoona havifai kusafiri navyo. Mwingine alipata kiti, mwingine ndoo, baba yako akapata zulia. Lilikuja limeviringishwa, wanaume wawili wamelibeba begani, na kabla wao hawajafika harufu yake ilikuwa imeshaingia ndani. Harufu ya mbwa. Harufu ya majivu ya kiko na ya bia iliyochacha. Nikalitundika kwenye kamba, nikalipiga kwa mwiko wa ugali. Zikatoka nywele za mbwa, vijiti vya kiberiti, mfupa wa kuku, na kucha za mtu. Kucha za miguu, Monika, nene, za njano. Mtu mzima alikaa kitini akajikata kucha, akaziacha pale pale zimezama manyoyani, na mimi ndiye niliyekuwa nazifukua. Nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika.

"Baba Monika," nikamwambia, "kitu hiki kisiingie ndani."

"Mama Monika, unajua kinatoka wapi hiki? Kinatoka Uajemi!"

"Na hizi kucha nazo zinatoka Uajemi?"

Hakucheka. Alilibeba mwenyewe akalitandaza katika chumba cha mbele, juu ya sakafu yetu ya udongo, ile niliyokuwa nikiikandika kwa mikono yangu na kuinyunyizia maji kila asubuhi kabla ya kufagia. Tangu siku hiyo sikuruhusiwa kunyunyiza, zulia lisilowe. Vumbi likakaa chini yake. Viroboto wakaja. Ukapata funza katika kidole cha mguu, nikamtoa kwa pini huku unapiga kelele mpaka majirani wakaja. Na baba yako, aliyekuwa akikubeba shingoni kila jioni, akakukataza kukanyaga pale. Ulikuwa ukipita ukutani kama panya kwenda kulala. Nilikuwa nakutazama ukijibanza ukutani.

Sasa ujue habari ya maji, maana wewe umekulia huku Masasi ambako kisima hakiko mbali. Newala ina upepo mzuri na mikorosho mizuri, lakini maji yako chini bondeni. Tulikuwa tukiamka wanawake kabla ya jogoo, tunateremka na madebe matupu tukizungumza, tunapanda yakiwa yamejaa na hakuna anayezungumza. Maji ya kuoshea mchele tuliyaoshea vyombo, na ya kuoshea vyombo wakanyweshwa kuku. Mgeni akiomba maji ya kunywa, ulikuwa ukiona mwenye nyumba anatazama mtungi kwanza.

Basi, baba yako akapata habari kwamba msimamizi wa shule atapita, na kwamba atakuja kwetu kuzungumza. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, mwenye soksi ndefu na kofia ya jua. Baba yako akanunua kwa Mhindi chupa ya sharubati nyekundu, nyekundu ya kutisha, tamu mpaka meno yanauma. Akaazima bilauri na meza ndogo. Akaniambia nipake nywele mafuta. Akakuvisha gauni lako la ubatizo ingawa lilikuwa limekubana kwapani.

Siku hiyo hiyo, bila taarifa, bibi yako mzaa baba akatokea kutoka Kitangari. Alikuwa ametembea kwa miguu, kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, kichwani, vumbi mpaka magotini. Ulikuwa ukimpenda ingawa labda umemsahau. Alikuwa Mmakonde wa kale, chale zimejaa usoni, ndonya, kile kipande cha mti, kimepachikwa mdomo wa juu. Nikampigia magoti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Yuko wapi mume wangu mdogo?" Alikuwa akikuita hivyo kwa mzaha, ingawa wewe ni mwanamke.

Baba yako alipomwona alibadilika rangi. Akanivuta jikoni.

"Mwambie akae huku jikoni mpaka mgeni aondoke."

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

Hakuweza. Na kabla hajaweza, msimamizi akafika, akamkuta mama mzima amekaa mkekani kando ya zulia, wewe umelala mapajani pake. Msimamizi akamwamkia kwa haraka, akaketi. Baba yako akamimina sharubati bilauri tatu, yake, ya mgeni na ya mama yake, kwa kuwa ingekuwa aibu kumpita. Bibi yako akapokea kwa mikono miwili, akaiweka sakafuni mbele yake. Hakunywa. Kwa ajili ya ndonya hakupenda kunywa kwa bilauri mbele ya mtu asiyemjua. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya karanga, nikiona yote.

Msimamizi alikuwa mtu wa kucheka sana. Alikunja mguu mmoja juu ya goti, na kila akicheka kiatu kikawa kinatikisika karibu na meza. Akasimulia jambo, akacheka, akatupa mguu, kiatu kikapiga meza, na bilauri yake ikaruka. Sharubati ikamwagika katikati ya zulia kama kuku amechinjwa pale.

Baba yako akatazama doa, akamtazama msimamizi, kisha akageuka kwa mama yake, akasema kwa sauti ya darasani:

"Mama! Tazama ulivyofanya!"

Bibi yako aliinua uso. Akamtazama mwanawe kitambo. Bilauri yake ilikuwa mbele yake, imejaa mpaka ukingoni, kila mtu anaiona. Kisha akainamisha kichwa.

"Nisamehe, baba. Ni uzee."

Na yule msimamizi, mwanangu, unajua alifanya nini? Alisema, "Si neno, wazee ndivyo walivyo," akaokota bilauri yake, akainyoosha ijazwe tena.

Nimeona mambo ya kuchukiza. Nimeosha maiti, nimezalisha, nimefukua kucha za mtu kwenye manyoya. Sijapata kuona kitu kilichonichefua kama mkono ule ulionyooshwa, na pete kidoleni, ukingojea kinywaji.

Bibi yako alikulaza mkekani, akajikokota kwa magoti mpaka kwenye zulia, akaanza kufuta doa kwa kanga yake. Alisugua kwa nguvu, na kadiri alivyosugua ndivyo lilivyopanuka. Mimi nikaweka sahani chini. Nikamshika mabega. "Inuka, mama." Nikaichukua bilauri yake, nikaiweka juu ya meza mbele ya mgeni.

"Bwana Msimamizi," nikasema, "bilauri ya mama ni hii. Haijaguswa."

Mgeni alitazama saa yake, akakumbuka kwamba ana safari, akaondoka na kofia yake. Baba yako akamsindikiza mpaka barabarani akitembea nyuma yake kidogo, akizungumza haraka haraka, na mimi nikawa nawatazama dirishani.

Sasa jibu la swali lako, maana nilikuwa bado na akili ya kulitazama doa. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, marekani iliyofuliwa, kisiwe cha rangi. Kandamiza juu ya doa, inua, geuza upande mkavu, kandamiza tena. Usisugue. Anzia pembeni uje katikati, ili lisitambae. Kitambaa kisipochukua rangi tena, tia maji baridi kidogo tu, kiasi cha kiganja, ukandamize tena. Maji ya moto yataipika rangi ndani ya manyoya. Chumvi husaidia kunyonya likiwa bado bichi, ikishaloa ifagie. Mwisho ndimu iliyochanganywa na maji, lakini ijaribu kwanza kwenye pembe iliyojificha, maana mazulia mengine huchuja rangi yenyewe. Magadi usiyaguse kabisa. Kisha liache lipigwe na hewa juu na chini mpaka likauke kweli. Ndivyo nilivyofanya siku ile, na kata mbili za maji hazikwisha. Doa likafifia likabaki kivuli cha waridi, ambacho mtu asiyeambiwa asingekiona.

Lakini baba yako alikuwa ameambiwa. Kesho yake nilikwenda shambani kupalilia. Bibi yako alikuwa jikoni. Tangu jana yake alikuwa hakanyagi chumba cha mbele, hata kulala alilala kando ya mafiga. Niliporudi nikakuta baba yako yuko magotini, shati amevua, anasugua kwa burashi. Alikuwa ametia magadi. Na mitungi yetu yote miwili alikuwa ameimimina pale. Maji ya kunywa, Monika. Niliyoyabeba kichwani.

Nyekundu ya zulia ilikuwa imeingia kwenye buluu, buluu imeingia kwenye nyeupe, lote limekuwa rangi ya jeraha lililooza. Sakafu chini yake imekuwa tope. Na ile harufu ya mbwa ambayo nilidhani imekufa ikafufuka, ikachanganyika na tope na sukari iliyochacha. Nzi walikuwa wameshajua. Wewe ulikuwa mlangoni unalia kiu.

"Litatakata," baba yako akasema bila kuinua uso. "Likikauka litatakata."

Nilimtazama mgongo wake mtupu ukienda mbele na nyuma, nikaona kinyaa. Nilimwonea kinyaa mume wangu. Nakwambia hivi kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi kwamba jambo hilo huweza kumpata mwanamke mwema, na lilipokuja nilidhani nimerogwa.

Nikaenda kwa jirani, Mama Agnesi, akanipa kibuyu cha maji, ukanywa. Alfajiri bibi yako akachukua debe letu akateremka bondeni pamoja na wanawake. Hakurudi. Debe letu lilirudi kichwani mwa Mama Agnesi. La kwake alimwachia binti yake.

"Bibi amesema mpe mtoto maji kwanza," akaniambia. "Yeye amekwenda zake Kitangari."

Alikuwa hakuaga. Mwanamke wa umri ule, baada ya kututekea maji, aliondoka nyumbani kwa mwanawe kama mtu aliyefukuzwa. Nikakufunga mgongoni, nikachukua kikapu chake alichokiacha, nikamfuata. Baba yako aliniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia nakwenda mahali pasiponuka.

Tulikaa Kitangari mpaka mbaazi zikakomaa. Siku moja tukimenya mihogo nikamuuliza, "Mama, kwa nini ulikubali kosa lisilo lako?"

Alimenya kwanza. Kisha akasema, "Nilimwona uso. Ulikuwa uso ule ule aliokuwa nao utotoni akiogopa radi. Nikasahau kwamba ni mtu mzima."

Sikukubaliana naye, na sikubaliani naye mpaka leo. Lakini kwa kuwa nimekuzaa wewe, naelewa alichokisema.

Baba yako akaja mchana mmoja kwa baiskeli ya kuazima, amevaa tai. Alikuwa na habari. Amepewa ualimu mkuu, tutahamia Nanganga, upande huu wa Masasi. Yule msimamizi alimpa cheo. Labda alitaka tuwe mbali naye, labda alisahau yote, sijui. Baba yako aliisema habari hiyo kabla hajaamkia. Bibi yako akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hongera, baba." Kisha akamuuliza, bila mzaha wowote, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa:

"Na zulia? Limetakata?"

Tai ya baba yako ilikuwa imempinda. "Limeoza, mama," akasema. "Mchwa wamelila kwa chini. Panya wamezalia ndani yake. Nimeliburuta nikalitupa shimoni."

Nikangojea aseme neno moja zaidi, moja tu. Hakulisema. Alisimama pale akitafuna mdomo, kisha akavua tai, akachukua debe la mama yake mlangoni, akateremka kisimani. Mwanamume, mwalimu, mchana kweupe, debe kichwani. Wanawake njiani walimpigia vigelegele vya kejeli, watoto wakamfuata. Aliporudi nusu ya maji ilikuwa imemwagikia shati na suruali. Akalitua mbele ya mama yake. Bibi yako akateka kwa kata, akageukia ukuta kwa ajili ya ndonya yake, akanywa yote.

Tangu siku hiyo mpaka mama yule alipofariki, kila likizo baba yako alikwenda Kitangari kumtekea maji. Neno la kuomba radhi sikulisikia. Nilirudi kwake. Usidhani nilikuwa nimesahau. Nilirudi kwa sababu nilimwona ametota. Nikala ugali wa cheo kile, na wewe ukaula, ukasomea. Kwa hiyo siandiki haya kama mtu aliyekaa mbali na uchafu akiunyooshea kidole. Wala siandiki ili umchukie baba yako. Mtu anaweza kufanya jambo la kutapisha, kisha akaishi vizuri baada yake, na yote mawili yakawa kweli. Imenichukua miaka kuliweza hilo, na siku nyingine siliwezi. Siku nyingine anamimina chai tu, namtazama mkono, nainuka naenda uani.

Mumeo nimemtazama. Ameniamkia vizuri, hakuchagua chakula, alimsikiliza mjomba wako bila kutazama saa. Nadhani ni mtu mwema. Baba yako pia alikuwa mtu mwema. Lakini mumeo ana wakubwa wake, na wakubwa hao watakuja Jumamosi, na siku moja kitu kitamwagika, na chumba kizima kitageuka kumtafuta wa kubebeshwa. Asiwe wewe. Asiwe mama yake mumeo akija kukutembelea na vumbi miguuni. Asiwe mtumishi mkiwa naye. Sema ulichokiona, kwa sauti ya kawaida, kisha kalete kitambaa. Mumeo akikasirika, mngoje usiku upite, umwambie tena. Na ukiona siku moja anapita mtu, mkubwa au mdogo, akijibanza ukutani ndani ya nyumba yako kwa ajili ya kitu kilichotandazwa chini, kiviringishe kitu hicho ukitoe nje, hata kama kimetoka Uajemi.

Najua hukuniuliza yote haya. Uliuliza habari ya doa.

Kesho nitakuaga mbele ya watu, na mbele ya watu mimi si mzuri wa kusema. Nitakushika mkono nitakwambia nenda salama, na utaniona mkavu. Basi nasema hapa. Wewe ni furaha yangu. Kila nilipochefuka na dunia nilikutazama wewe nikaweza kula tena.

Nyumba hii ni yako. Ukirudi kwa furaha au kwa machozi, mchana au usiku, peke yako au na watoto, usipige hodi. Ingia.

Ni mimi mama yako